Futa Mustari ya Saba

Kingi, siku moja mbele ya safari yako

Furaha, mujukuu wangu, mutoto wa Neema wangu,

Kama uko unasoma hii barua na kamio ya mizigo haijapita Minova, ikunje, uirudishe mu mufuko. Nilikuambia Minova. Tangu ulikuwa mudogo, ukiambiwa kungoja unahesabu vidole, na ukifika ku tatu umeshafungua sufuria. Leo ngoja.

Umepita Minova? Sawa. Sasa soma.

Naandika muchana, wewe umeenda kuaga banamuke wa kanisa na mvua imekufungia kule. Mungu asante kwa hii mvua. Nimekaa ku mulango, ubao wa kukatia majani ya sombe njo meza yangu, na kalamu ni ile yako ya zamani, fupi sawa kidole gumba. Unajua mimi nilisoma mupaka katekisimo, nikatoka wakati nilikuwa najua herufi na amri kumi. Neno ikipinda, nyoosha mwenyewe. Wewe njo ulisoma, mimi njo nililima shamba la kukusomesha.

Sitakuambia mambo ya chumvi, wala namna ya kusalimia mama mukwe, wala saa ya kuamuka. Bale banamuke wamekuambia ile yote juma nzima, kila mumoja na yake, mupaka nikaona unasinzia na macho wazi. Maharagi umeniunguzia miaka kumi na zaidi. Bahati, bwana yako wa Bukavu, atakula ya kuungua sawa sisi tulikula, na atanyamaza sawa sisi hatukunyamaza. Mimi niko na neno moja, na inaanza na ile karatasi yenu ya asiransi.

Unakumbuka siku Bahati aliileta. Uliiweka juu ya huu huu ubao, mimi nilikuwa namenya maharagi, nikakuuliza: “Asiransi iko kintu gani?”

Ukanijibu: “Tate, nyumba yetu ya Bukavu iko moja, ndefu, na milango ine. Wenyewe ni bane. Paa iko moja, na kila ukuta ya katikati iko ya bantu babili. Basi wenyewe bote wanalipa asiransi moja ya paa na kuta. Moto ikikuja, ile asiransi inajenga paa na kuta.”

“Na sufuria?”

Ukacheka. “Sufuria haimo mule, Tate. Bintu ya ndani, kila mulango anaandika liste yake peke. Kintu haukuandika, hawarudishe.”

“Na moto yako ikivuka ukuta, ikachoma ya jirani?”

“Iko mustari yake chini kabisa. Unalipia jirani.”

Nikaendelea kumenya. Ukafikiri sikuelewa, ukaanza kunifasiria tena polepole, sawa muntu anafundisha mbuzi Baba Yetu. Furaha, siku ile nilielewa kuliko wewe, kuliko Bahati, na labda kuliko yule muzungu anauza ile karatasi. Mimi nilikaa chini ya paa moja na milango munane.

Kisha ukanisomea liste yako. Moja, kitanda. Mbili, godoro. Tatu, sufuria tano. Ine, sahani kumi na mbili. Tano, lampe. Sita, mashini ya kushona.

Nikakuuliza: “Mashini gani?”

“Tutanunua, Tate. Bahati anasema kila muntu anaongeza kidogo. Nani atakuja kuhesabu?”

Na mbele sijafungua kinywa ukasoma ya saba: “Kikwembe nyekundu ya Tate, ya Ulaya, ya zamani.” Ukaniangalia na yale macho ya kitoto, juu umeitamani ile nguo ya kujifunga tangu ulikuwa mudogo, unacheza karibu na sanduku yangu. Nikasimama, nikaenda kuchochea moto. Moto haikuhitaji kuchochewa. Ilikuwa inawaka muzuri.

Sasa nakuambia ile sikuweza kukuambia pale ku jiko.

Ilikuwa wakati ya vita ya bazungu, ile ya pili. Muzee wangu, bwana yangu, alichoka kulima hapa Kingi kwa kodi, akasikia kule Walikale kampani moja inatafuta bantu wa kuchimba. Tukashuka. Siku ine ya miguu, mihogo ku kichwa, na wewe ku mugongo wangu, juu Neema alishakufa wakati ya kukuzaa na haukukuwa na mugongo ingine. Ulikuwa na meno sita. Ulinipiga mateke njia nzima.

Kampani ilitupa chumba mu nyumba moja ndefu ya matofali, paa ya majani, milango munane. Sisi ya kwanza, ku mwisho upande wa mutoni. Kuta hazikufika juu. Kati ya ukuta na paa kulikuwa nafasi ya mukono muzima, basi muntu wa mulango wa saba akikohoa, sisi bote tulijua. Moshi ya mumoja ilikuwa moshi ya bote. Nilikuwa mwanamuke wa milima, nilizoea nyumba yangu iko peke yake na mugomba wake nyuma. Pale nilikasirika kila siku. Niliona kama bantu wananisikia nikifikiri.

Na ile pori, Furaha! Hapa kwetu mvua inanyesha na kisha inaacha. Kule hata ikiacha, inabaki mu hewa. Nguo inaota ukungu mu sanduku, viatu vinakuwa na manyoya sawa panya, mukeka inanuka. Njo maana banamuke wa ile nyumba walikuwa na siku yao. Jua ikikuja siku tatu kufuatana, mumoja anapita milangoni anapiga makofi: “Tuanike!” Basi kila mwanamuke anatandika mukeka mbele ya mulango wake na kutosha inje bintu yote ya ndani, yote, hata kijiko, hata kipande ya sabuni. Saa ya adhuhuri tunatembea mukeka kwa mukeka, sisi munane pamoja, tunaangalia.

Yule alikuwa anachunga ile mambo ni Mama Feza wa mulango wa ine. Hakujua herufi hata moja. Alikuwa na kamba munane, za nyuzi za mugomba, na kila mukeka alifunga fundo moja kwa kila kintu. Sufuria, fundo. Jembe, fundo. Kikwembe, fundo. Alikuwa anasema kwa sauti ili bote tusikie, na mafundo yalifuatana vile aliyataja, na kichwa yake ilishika. Kisha anatundika zile kamba ku muti wa mulango wake. Nikamuuliza mara ya kwanza: “Mama Feza, mbona unahesabu mali ya bantu? Wewe ni Leta, wa kukusanya kodi?” Akacheka na meno yake moja ya mbele imevunjika. “Mama Neema, moto ikipita hapa, kampani itakumbuka nyumba. Nani atakumbuka sufuria yako? Sisi.” Ndiyo hiyo tu. Mulango mumoja ukiungua, ile ingine saba inarudisha kila fundo. Hawakuita ile na jina yoyote. Mimi niliiona ni umbea wa banamuke wa pori.

Mara ya kwanza ya kuanika, nilitandika mukeka wetu mukubwa wa Kingi. Juu yake nikaweka sufuria mbili, jembe mbili, blanketi, kikwembe mbili za kazi, kisu, na kikapu. Pembeni ya mwisho wa nyumba, ku mulango wa munane, alikaa Mama Kapita, bibi ya kapita, musimamizi wa kampi, mwanamuke na beseni tatu na kioo. Akafika mbele yangu, akasimama, akazungusha shingo. Akasema:

“Ah! Mama Neema. Mukeka yako iko mukubwa kuliko bintu.”

Wakacheka bote. Hata mimi nilicheka. Mama Feza peke yake hakucheka, alikuwa anafunga mafundo yangu tisa, moja moja, na heshima, sawa vile anafunga ya Mama Kapita.

Ile maneno ililala na mimi mwaka muzima. Uko unanijua. Muntu akinipiga nasahau, muntu akinicheka siwezi.

Basi mwaka wa pili jua ilianza kuwaka. Siku ya kwanza ya ile jua nikakimbia kwa dada yangu mukubwa, alikuwa mu kampi ingine, nusu siku ya njia. Dada alikuwa na kikwembe moja ya Ulaya, ya bluu, na ndege weupe. Nikamuambia uongo, nikasema niko na mazishi. Akanipa. Nikarudi. Na siku ya tatu, siku ya kuanika, nikaitandika katikati ya mukeka, sufuria na majembe nikayasukuma pembeni sawa watumishi.

Mama Kapita alifika, akaangalia, akakosa neno. Furaha, sitakudanganya, ile kimya ilikuwa tamu kuliko asali. Mama Feza akasema kwa sauti: “Mulango wa kwanza. Kikwembe ya Ulaya, bluu, ya ndege. Moja.” Akafunga fundo. Niliangalia vidole vyake vikikaza ile kamba, na sikusema kintu. Kesho yake kikwembe ilirudi kwa dada. Fundo ilibaki.

Nyuma ya miezi mitatu njo moto ilikuja. Ilikuwa muchana, sisi tuko mu mashamba, wewe unalala chini ya mihogo. Mulango wa pili alikuwa anakausha mihogo juu ya jiko, ku utara wa fito, juu mule pori jua haikaushe kitu. Cheche moja ilipanda. Wakati tulisikia kelele, mulango wa pili ulishakwisha, wetu na wa tatu inawaka. Banaume walipanda juu ya mulango wa ine, paa ya Mama Feza, wakakata majani yote kwa panga mupaka mbingu ikaonekana, na moto ikafika pale ikakosa njia. Walimubomolea nyumba yake ili ile ingine ine ya nyuma yake ipone. Alikuwa anasimama chini anawapangia: “Kateni! Kateni tena! Majani inaota tena mu pori!”

Yetu ilikwisha. Blanketi, jembe, kikapu, yote. Nilibaki na wewe, na jembe moja mu mukono, na matope.

Kapita alikuja na karani wa kampani, wakapima. Lazima niseme ukweli, hawakukawia. Nyuma ya siku munane paa ilirudi mupya, matofali yaliyopasuka yakabadilishwa, hata chokaa. Muzee wangu akamuuliza kapita na kofia mu mukono: “Na bintu yetu ya ndani, bwana kapita?” Kapita akamujibu, na hakumujibu vibaya, alimujibu vile iko: “Kampani ilijenga nyumba. Haikujenga sufuria.”

Umeona? Ile karatasi ya Bahati mimi niliisoma mbele yenu, na niliisoma ku majivu.

Basi siku ya kuingia tena mu nyumba, Mama Feza alitoa zile kamba tatu za milango yenye kuungua. Akakaa chini ku mulango wangu. Banamuke wakaanza kuja. Sijaona kintu sawa ile tena mu maisha yangu, na nimeona mingi. Mulango wa sita alileta jembe, Mama Feza akafungua fundo. Mulango wa tano na wa saba waliunganisha wakaleta blanketi, haikukuwa mupya lakini ilifuliwa na kukaushwa. Akafungua fundo. Bibi wa mulango wa pili, yule mwenye moto, naye hakubaki na kintu hata yeye, alileta kisu, na alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimemukasirikia siku munane, nikaipokea bila kumuangalia. Ile iko kosa ingine. Nilimuomba musamaha nyuma, kabla ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo siihesabu hapa.

Na Mama Kapita. Mama Kapita alikuja na sufuria yake kubwa, nzito, ya kifuniko. Akaiweka chini, akasema: “Mama Neema, sasa bintu itatosha mukeka.” Na akanishika bega. Furaha, ile sufuria njo unaunguziamo maharagi. Lile jembe la mulango wa sita njo lililima shamba la kukusomesha, mupini nimebadilisha mara tano. Ulikomaa mu bintu ya bale banamuke. Wakati unafunga sanduku yako jana na kusema eti unatoka kwetu na kidogo sana, nilitaka kukupiga kofi. Unatoka na mingi. Nilikuwa tu sijakuambia ilitoka wapi.

Sasa ngoja nifike pale sitaki kufika.

Mafundo ilikwisha. Ilibaki moja. Banamuke bote wako pale, wamesimama, Mama Kapita mbele. Mama Feza akashika kamba yangu, akasema: “Fundo moja imebaki. Kikwembe ya Ulaya, bluu, ya ndege.” Akainua macho kwa banamuke. Hakuna mwenye alikuwa nayo. Ilikuwa wakati ya vita, nguo ilikuwa shida hata mu duka ya bazungu.

Kinywa yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa hapa, mu uso wangu. Nilikuwa na neno rahisi kabisa: “Ile haikukuwa yangu.” Maneno tatu. Niliona Mama Kapita anasimama pale na nikaona ile kicheko ya mwaka ule. Nikafunga kinywa.

Mama Feza akasimama, akaingia mu nyumba yake, ile bado inanuka majani mabichi ya paa mupya. Akarudi na kikwembe nyekundu, imekunjwa ine. Ilikuwa ya ndoa yake. Aliolewa kanisani akiivaa ile, hakukuwa na ingine ya kwenda misa. Akasema: “Bluu sina, Mama Neema. Iko nyekundu tu. Unisamehe.”

Na mimi nikamuambia, sikiliza vile nilimuambia, juu miaka kumi na mitano nasikia ile sauti yangu:

“Haina neno. Itafaa.”

Nilimusamehe! Mimi, mwizi, nilimusamehe yeye. Na akashukuru. Akafungua fundo ya mwisho, akaninyooshea kamba tupu, akasema: “Sasa uko muzima.”

Noeli ile Mama Feza alikaa nyuma kabisa ya kanisa, na nguo yake ya shamba, na shali ya kuazima juu ya mabega. Nilimuona. Ningeweza kuirudisha siku ile. Nilijiambia nitairudisha Pasaka. Pasaka nikajiambia atashangaa, ataniuliza sababu. Kila juma ilivyopita, sababu ilizidi kuwa ndefu. Siku ya kwanza uongo inakuwa mudogo, unaweza kuitema. Ukiacha, inaota mizizi sawa muhogo, na wakati unataka kuing’oa lazima uchimbe shamba nzima.

Sikuivaa hata mara moja. Ulifikiri naichunga juu iko muzuri. Bantu wa hapa wanasema: “Mama Neema anajua kutunza kintu.” Niliwaacha waseme. Nilikuwa natunza aibu yangu mu sanduku na majani ya kufukuza nondo.

Vita ilikwisha, muzee wangu alikufa, tukarudi Kingi wewe na mimi. Na unajua Mama Feza iko wapi? Iko Sake. Papa Feza naye alikufa, yeye anauza sombe na samaki kavu ku soko, upande wa njia ya kwenda Goma. Wewe mwenyewe umemuona! Unakumbuka yule mwanamuke mwenye jino imevunjika, anaita kwa sauti toka mbali, “Mulango wa kwanza! Mulango wa kwanza uko salama?” Ukaniuliza: “Tate, yule mama anaita nani?” Nikakujibu ni mulevi. Mungu anisamehe. Miaka hii yote nikipeleka maharagi Sake napita nyuma ya soko, mu matope ya ng’ombe, nisipite mbele yake. Ulikuwa unanung’unika kwa ajili ya viatu. Sasa unajua sababu.

Njo maana uliposoma ile mustari ya saba nilisimama. Ile kikwembe ilishaandikwa mara moja kwa uongo. Wewe ulikuwa unaiandika mara ya pili, na moyo safi, haukujua. Na pale juu yake, ku mustari ya sita, mashini ya kushona ambayo haiko, na “nani atakuja kuhesabu”. Nilisikia sauti yangu mu kinywa yako. Ile iliniumiza kuliko moto.

Yule muzungu wa asiransi hata simuhurumie, simujui. Lakini kule kwenu muko milango ine. Nani anajaza ile sanduku ya asiransi? Ninyi, na bale wengine mwenye kuandika sufuria tano juu wako na sufuria tano. Siku moja utapokea mashini ya kushona ya uongo, na muntu moja, haumujui, atakaa nyuma ya kanisa na shali ya kuazima. Mimi nilimujua yule muntu. Jina yake ni Mama Feza. Wewe hautamujua wako, njo tofauti tu.

Mambo ya Bahati, usimugombeze. Ni kijana muzuri, alinisalimia na mikono mbili. Muambie tu tate yako anasema mashini ya kushona inaandikwa siku inaingia mulangoni. Akikataa, muonyeshe hii barua. Akicheka, muambie nitakuja.

Sasa kesho. Wakati unasoma hii, kesho imeshakuwa leo, na umeshaona vile nilifanya. Nilipanda na wewe mu kamio, juu ya magunia ya maharagi, ukafikiri nakusindikiza juu ya mapendo. Ni mapendo pia, usilie. Lakini kule Sake, wakati dereva alisimama kupakia, nilishuka na kifurushi yangu na nikakuambia nenda, usishuke. Ulikasirika juu sikungoja kamio iondoke. Ndani ya kifurushi ilikuwa ile nyekundu. Nilienda upande wa njia ya Goma, mbele ya soko, si nyuma.

Sijui atasema nini. Nakuandikia mbele, basi sijui. Labda alijua tangu siku ile. Dada yangu alikuwa anavaa ile bluu ya ndege kila siku ya soko, na Mama Feza hakukuwa kipofu. Ile njo inaniogopesha zaidi, kama alijua, na akakunja ya ndoa yake mara ine, na akaniletea tu. Akinitukana mbele ya soko nzima, nitasimama. Akicheka, nitasimama. Akikataa kuipokea, nitakaa chini pembeni yake na kuuza sombe na yeye mupaka achoke. Niko na nguvu bado, na hakuna mwenye ananingoja Kingi sasa.

Kwa hiyo sina kikwembe ya kukupa. Najua uliingoja. Niliona jana umeacha nafasi ku kona ya sanduku, mukubwa sawa nguo moja ya kukunja ine, na haukuniomba, wewe ambaye hauwezi kungoja sufuria. Ile nafasi iliniumiza na ilinifurahisha. Nilikulea muzuri kidogo, hata mimi mwenyewe.

Mu hii bahasha utakuta kamba ya mugomba, nyeusi kwa uzee. Ni ile yangu, haina fundo. Alinipa mwenyewe, basi hii moja njo ninaweza kukupa bila kuiba. Jua ikiwaka kule Bukavu, tandika mukeka mbele ya mulango, utoshe inje bintu yako, uite bale banamuke batatu wa nyumba moja. Watakucheka, watasema ni mambo ya pori. Mumoja atasema neno juu ya mukeka yako. Muache aseme. Ule mumoja, nakuambia, njo atakuletea sufuria.

Mungu akuchunge, na paa, na kuta, na bale wa upande wa pili wa ukuta.

Futa mustari ya saba. Kalamu iko mu sanduku yako, ndani ya sufuria ndogo. Niliiweka mimi, nyuma ya kumaliza kuandika.

Tate yako,
Mama Neema, wa mulango wa kwanza